Mawe Yaliyosomewa

Mpendae, Unguja
6 Januari 2025

Bi Restituta,

Ni mimi niliyekuwa nikiikata simu yako. Umepiga namba ya Mansour tangu mwaka mpya uingie, na kila ikiita linatokea jina "Resti Mto", nami nabonyeza kukata. Sikufanya kwa ubaya. Nikisema maneno matatu sauti inakatika, na kwa mtu nisiyemjua naona haya. Ndiyo maana nakuandikia. Anwani ya kituo chenu nimeipata katika begi lake, na Suhaib, mdogo wake, ataipeleka barua hii bandarini kwa mtu anayevuka.

Mansour amefariki. Alikuja likizo kama kawaida yake. Jumatatu ya tarehe 2 Desemba alilalamika kifua, tukampeleka hospitali jioni, na hatukurudi naye. Tumemzika huku huku. Nilidhani habari zimeshafika huko, sasa kwa simu zako naona hamjui, na imeniuma kwamba mlikuwa mnamngoja.

Mimi ni mkewe, naitwa Bashira. Niko eda, sitoki nyumbani mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Nimeambiwa nikae, lakini kukaa kwenyewe sikuwezi. Kabati la vyombo nimelihamisha ukuta huu nikalipeleka ule, kisha nikalirudisha. Bi Mwatum, mama yake Mansour, ninayeishi naye, ananiambia, "We mtoto, utatoboa sakafu."

Sasa nina swali, na nijibu kweli. Wewe ni nani kwake? Kila mwaka alikaa huko milimani kwenu zaidi ya nilivyokaa naye mimi. Kama ni mke mwenzangu sema tu, maana na wewe una eda yako ya kukaa, na hapa hakuna atakayekugombeza. Jirani yetu Shahida anasema mwanamke hapigi simu namna ile kwa sababu ya kazi.

Nakusubiri,
Bashira


Kituo cha Lusangwe, Uluguru
15 Januari 2025

Dada Bashira,

Pole. Nimeisoma barua yako nimesimama mlangoni, halafu nikaisoma tena nikiwa chini. Hapa tumezima mashine zote leo. Wenzangu wamekaa nje wanaongea habari zake, wanacheka, kisha wanajifuta macho.

Mwambie Shahida kwamba wapo wanawake wanaopiga simu namna ile kwa sababu ya kazi, na mimi ni mmoja wao. Mimi ndiye msimamizi wa kituo hiki. Nina mume, mwalimu, na Mansour hakuacha kumtania kwamba anaogopa chura. Mbele ya wageni aliniita Bosi. Tukiwa tumelowa wote wawili hadi kifuani aliniita Resti. Habari zako nilikuwa nazo nyingi. Najua hupendi chai ya moshi, na najua uliwahi kumrudisha dukani kwa ajili ya hiliki.

Jambo moja linanibana, na naona aibu kulitia katika barua ya rambirambi. Alipoondoka alichukua mfuko wa turubai wenye mawe ya mtoni. Ni mawe ya kazi. Kila moja tumelitoboa tundu, tukatia ndani kidude chenye namba yake, mfano wa punje ya mchele, tukaziba kwa gundi. Kabla ya masika tunayapanga juu mlimani, ndani ya kijito. Mvua zikipita tunashuka na kifaa kinacholia kikilikaribia jiwe, hata likiwa limefukiwa na mchanga. Ndivyo tunavyojua lipi limetoka wapi na limefika wapi. Mansour alikuwa akiyapeleka Unguja kuyapaka rangi upya, maana alishikilia kwamba hakuna rangi kama ya boti inayouzwa huko kwenu.

Ukiweza, mpe Suhaib ayapakie. Gharama ni yetu.

Wako katika msiba,
Restituta Mkude


Mpendae
23 Januari 2025

Dada Restituta,

Ahsante kwa kunijibu, na ahsante kwa habari ya hiliki. Nimecheka, na nilikuwa sijacheka.

Mawe hayapo. Mfuko upo, ila mtupu. Nisamehe, na tafadhali usiniulize zaidi.

Bashira


Kituo cha Lusangwe
31 Januari 2025

Dada Bashira,

Umeniomba nisiulize, na nimejizuia, lakini nimeshindwa. Kama mmeyatupa niambie yako wapi. Kama fundi ameyatia katika zege niambie pia, sitakasirika. Nikueleze kwa nini siwezi kutulia.

Chini ya kijito hiki kuna kijiji, na kijiji kilikuwa na zahanati. Masika iliyopita kijito kilishusha mawe na changarawe mpaka ndani ya wodi ya wazazi. Mama mmoja alitolewa dirishani na kichanga chake. Sasa wanataka kujenga upya. Wapo wanaosema pale pale, maana kiwanja kipo, na wapo wanaosema juu zaidi, ambako mgonjwa atabebwa mwendo mrefu. Wanatuuliza sisi: mawe yanafika wapi? Tunayo majibu ya miaka ya mvua ndogo. Baada ya mafuriko yale tuliyatafuta mawe yetu, Mansour na mimi, tukayakusanya yapakwe rangi na kurudishwa yanakoanzia. Masika hii ndiyo itakayotuambia kama njia mpya ya maji inayapeleka upande ule ule. Mawe mengine hayafai, maana haya ndiyo tunayoujua uzito na safari zake za nyuma. Nikiyakosa, wataanza kujenga kwa kukisia.

Nakuomba.

Restituta


Mpendae
7 Februari 2025

Dada Restituta,

Nimekuficha kwa sababu nilidhani utatuona washamba. Sasa umenitajia kichanga, basi nakwambia.

Mansour aliyakwangua mawe rangi ya zamani, akayaosha, akayaanika uani juu ya gunia. Kuyapaka hakuwahi. Yalikuwa pale pale siku tuliyompoteza.

Labda kwenu desturi hii haipo. Sisi, maiti akishazikwa, wanawake hukaa ndani wakamsomea, na kisomo chenyewe tunakihesabia vijiwe. Ukimaliza mara moja unatoa kijiwe katika fungu hili unakitia katika fungu lile. Vikishasomewa, wanaume huvichukua wakavipanga juu ya kaburi. Mawe ya Unguja unayajua, matumbawe matupu, yanachoma mikono. Bi Mwatum akatoka uani kutafuta, akayakuta ya Mansour, laini, mviringo, yameshaoshwa. Alirudi nayo ndani ya upande wa kanga akasema, "Kajiandalia mwenyewe mwanangu." Nyumba nzima ikalia. Shahida tu ndiye aliyenong'ona, "Haya si ya kuhesabia, haya ya kupondea karanga," maana mengine yalikuwa makubwa kama embe. Mimi siku ile hata ungeniuliza jiwe ni nini nisingekujibu.

Basi yako juu yake. Na kaburi lenyewe mimi sijaliona. Nina picha tu aliyopiga Suhaib. Naikuza mpaka mawe yanageuka ukungu.

Jana nilimwambia Bi Mwatum ombi lako. Alikuwa anachambua mchele. Alinitazama kama niliyemwambia akaifungue sanda.

"Mawe yaliyosomewa?"

"Ndiyo, mama."

"Yatoke kwa mwanangu yakakanyagwe na ng'ombe wa watu?"

Nikamwambia sidhani kama kule kuna ng'ombe. Akasema, "We unajua nini, ulishafika?" Kweli, sijafika. Miaka yote hii nilikuwa namuuliza Mansour atanipeleka lini, naye akisema nitateleza.

Leo imenyesha kidogo. Mansour mvua ikipiga juu ya bati alikuwa hakai. Atasimama mlangoni, atarudi, atasimama tena. Nikimwambia, "Hapa Mpendae, hakuna mlima," ananijibu, "Huko kuna kinachotembea saa hii, nami sipo." Leo niliyesimama mlangoni ni mimi. Kizingiti nisikivuke.

Bashira


Kituo cha Lusangwe
13 Februari 2025

Dada Bashira,

Sikuwaona washamba hata kidogo. Nimeandika barua ya kukwambia myaache, nikaichana. Kisha nikaandika ya kukubembeleza, nayo nikaichana. Hii ni ya tatu, na ndani yake sikuombi kitu. Nataka tu Mama ajue mawe hayo yanakwenda mahali gani, kwa sababu nadhani hakuna aliyemwelezea. Umsomee akikubali.

Mama, shikamoo. Mimi ni Restituta niliyefanya kazi na Mansour.

Kijito chetu ni kama ngazi. Majabali makubwa yamejipanga kukatisha maji, yakawa vidato. Chini ya kila kidato maji yamechimba dimbwi. Siku za kawaida maji yanashuka kidato kwa kidato meupe kabisa, na ukitia mkono unaona mchanga kidogo tu unajisukuma chini. Mawe yanakaa madimbwini. Yanaweza kukaa mwaka, yanaweza kukaa mitano, mpaka yaote utelezi wa kijani. Madogo yanajificha nyuma ya makubwa na maji yanayapita. Ikija mvua kubwa, jiwe linainuka, linaruka dimbwi moja au mawili, linajibana tena. Lenye bahati mbaya linaangukia katikati ya mkondo na kwenda mbali. Na mara moja katika miaka mingi jabali lenyewe linang'oka. Hapo kidato kinavunjika, na kila kilichokuwa kimejikinga nyuma yake kinashuka kwa pamoja. Ndicho kilichotokea mwaka jana.

Hakuna ng'ombe, Mama. Kuna mwinuko mkali na migomba mwitu. Sehemu ambapo Mansour alikuwa akiyapanga mawe, wanaopanda ni sisi tu. Maji yake yanaingia mto Ruvu, na Ruvu inakwenda kumwaga baharini upande wa Bagamoyo, ng'ambo yenu.

Mkiamua myaache, nitakuwa upande wenu, na kijijini nitasema mimi mwenyewe kwamba mwaka huu hatuna jibu.

Restituta


Mpendae
19 Februari 2025

Dada Restituta,

Nimemsomea. Alisikiliza yote bila kunikatisha, jambo ambalo hajawahi kunifanyia. Nilipofika mwisho akasema, "Rudia hapo pa Ruvu." Nikarudia.

"Bagamoyo si hapo tu?"

"Hapo tu, mama."

"Siku ya mbingu nyeupe unaziona taa zake."

"Wanasema zinaonekana."

Akajifuta pua kwa ncha ya kanga. "Basi anarudi kwa mlango mwingine. Mwite Suhaib."

Suhaib alikwenda juzi baada ya sala ya alasiri. Bi Mwatum alikwenda naye, akasimama nje ya makaburi akimwelekeza kwa sauti mpaka watu wakageuka. Machache hayakuonekana, mchanga umeyameza. Mengine yote yamerudi katika mfuko wake. Jioni ile wanawake walikuja kusoma tena, kwa vijiwe vya pwani alivyotumiwa Bi Mwatum na jamaa zake wa Paje, na hivyo ndivyo vilivyokwenda juu ya kaburi. Bi Mwatum aliwaambia, "Tuliyemsomea ni mtu. Mawe yana safari."

Mimi nilimwambia Suhaib aninunulie kopo la rangi ya boti, manjano, na brashi. Nimekaa uani nayapaka. Ni kazi ya kwanza iliyonikalisha kitako tangu Desemba. Miaka ya nyuma Mansour alikuwa akilipaka jiwe upande mmoja, analiegemeza ukutani likauke, ndipo anapaka wa pili, na kila mara ananiita nije nione. "Naona," nilikuwa nikisema huku nakoroga chungu, bila kugeuka. Sasa nayaona.

Jana Shahida aliingia bila kubisha hodi akashika kichwa. "Bashira! Mwenye eda una rangi mkononi!"

Bi Mwatum akamjibu kutoka jikoni, "Hiyo si hina, ni rangi ya boti. Kaa hapo akupake na wewe uelee."

Yakikauka yanaondoka. Mwambie anayejenga zahanati asubiri.

Bashira


Kituo cha Lusangwe
25 Februari 2025

Dada yangu Bashira,

Nimefurahi, halafu nimeingiwa na wasiwasi, na tangu nisome barua yako napanda na kushuka njia ya kituo bila shughuli.

Niliandika kuhusu Ruvu na Bagamoyo. Kila neno ni kweli kwa maji. Ni kweli pia kwa tope, lile jembamba linalogeuza maji rangi ya chai ya maziwa. Kwa mawe si kweli. Jiwe la Mansour halitafika baharini. Mteremko unaisha kijijini, mto unatulia, na mawe yote yanaachwa hapo. Kutoka hapo hadi baharini ni tambarare tupu. Labda likisagika, vizazi na vizazi, vumbi lake litafika. Mengi hayatafika hata kijijini. Yatajibana nyuma ya jabali fulani huku juu na kukaa maisha yetu yote.

Sikukusudia kumdanganya Mama, ila nilijua naiweka bahari mwisho wa maelezo kwa sababu inapendeza. Kakubali kwa ajili ya bahari. Ni lazima ajue. Akitaka mawe yarudi kwa mwanawe, yarudi.

Mvua za kwanza zimeanza kugusa vilele. Nakwambia si kwa kukuharakisha.

Restituta


Mpendae
8 Machi 2025

Dada Restituta,

Barua yako nilitembea nayo kiunoni, ndani ya pindo la kanga, bila kumwonyesha mtu. Mawe yalikuwa yamekauka, mfuko umeshonwa mdomo, Suhaib keshamjua wa kumpa. Wewe ungeweza kunyamaza. Mimi pia ningeweza, na mwezi huu wa kufunga mdomo mzito si ajabu. Lakini Bi Mwatum alishaanza kuwaambia watu. Alimwambia muuza maziwa, alimwambia mpaka mjukuu wa Shahida, kwamba mawe ya Mansour yatatokea Bagamoyo. Nikamwona usoni, nikaona siwezi kumwacha abaki akiitazama bahari.

Nikamwambia alasiri, tukipepeta unga wa futari. Nilimsomea maneno yako kama yalivyo.

Aliacha ungo. Akaenda ulipo mfuko, akaukata uzi kwa meno, akayamwaga mawe yote mkekani. Nikajua ndiyo basi, yanarudi makaburini. Akakaa akiyageuza moja moja. Mimi nilisimama kwa sababu sikujua pa kukaa.

"Kwa hiyo yatakaa huko huko."

"Yatakaa, mama. Mpaka mvua kubwa."

"Na baada ya mvua?"

"Yatasogea. Au hayatasogea."

"Na huyo mwenzake, huyo Resti, anayaacha hivyo hivyo?"

"Hapana. Anayatafuta."

"Anayatafutaje?"

Nikamweleza habari ya kile kifaa chenu kinacholia, na kwamba mnapita dimbwi kwa dimbwi mkisikiliza.

"Yote?"

"Yote. Mpaka yaliyofukiwa."

"Mwaka huu tu?"

"Kila mwaka, mama. Ndiyo kazi yao."

Aliokota jiwe moja, kubwa, nililolipaka vibaya rangi ikatiririka.

"Makaburini naenda mimi na Suhaib," akasema. "Mimi nimezeeka. Suhaib ana watoto, ana shughuli, leo ataenda, kesho atasahau, na hana lawama. Nikifa mimi, mwanangu nani atamtafuta?" Akalirudisha jiwe ndani ya mfuko. "Apewe huyo mwanamke. Bahari nilikuwa naitaka mimi. Yeye hakuwa mtu wa bahari, alikuwa akitapika kwenye boti."

Nilicheka mpaka nikakaa chini, naye akacheka, tukajikuta tunalia, tukakaribia kuunguza uji.

Basi yamekuja. Aliyeyachukua ni rafiki yake Suhaib aendaye Morogoro, atayafikisha mwenyewe mkononi kwako. Yale machache yaliyopotea makaburini yaandike yamepotea, nadhani hata mtoni kuna ambayo hayaonekani. Rangi nimepaka mara mbili kila jiwe. Kucha zangu bado zina manjano, na hakuna aliyesema neno tena.

Eda yangu itakwisha baada ya Sikukuu. Sijui nitatoka niende wapi kwanza. Kuna wakati nasema makaburini, na kuna wakati nasema bandarini, nivuke, nije nione ngazi hiyo ya maji nami niteleze kama alivyosema. Bi Mwatum anasema nianze sokoni, ndani hakuna kitunguu.

Masika ikishapita, mkipanda kutafuta, mkisimama kwenye dimbwi na kifaa kikalia, litajeni jina lake hata kama ni kimoyomoyo. Na sisi wawili wa Mpendae, mimi na mama yake, utukumbuke.

Bashira